Shali la Nassor na Mistari Yake

Jumamosi, 3 Oktoba 1998
Uji nimekunywa peke yangu tena. Wifi Zuwena, dada wa marehemu mume wangu, kaja na sambusa. Hana baya, ila mikono yake haitulii. Leo kalishika kabati la Nassor. Kanzu, kofia, viatu, vyote kwenye mifuko, vikatolewe sadaka. Nilikubali. Mwanawe Salim kapakia garini. Mimi nimo edani, sitoki. Nimelitazama gari kwa nyuma ya pazia mpaka likapinda.
Alasiri nimekwenda kujilaza. Shali lake, tulilokuwa tukijifunika, halipo kitandani.

Jumapili, 4 Oktoba
Nimelia kidogo.
Nassor alikuwa akipiga zumari la mfuko bendini. Mwalimu wao Mskoti alipoondoka alimwachia shali la ukoo wake. Kwao kila ukoo una mistari yake. Nilicheka. Watu gani hawa wanaojuana kwa nguo? Akanijibu, "Na nyinyi mnaosemana kwa kanga?"
Alinifundisha kama mtoto wa chuoni. Kijani pana. Buluu ya wino. Nyeusi. Buluu tena, kijani tena. Katikati ya kijani mstari mwekundu mwembamba, na ubavuni mwake mweupe kama uzi. "Ukiusahau mweupe," akasema, "umeshaingia ukoo wa watu."
Nimempigia simu Zuwena.
"Lile blanketi? Nilidhani la kufunikia gari! Tena lina nyekundu, wifi, na wewe umo edani."
"Silivai. Nnajifunika."
Nimemkasirikia. Sikumwambia. Katika vitu vyote vya Nassor nnalitaka hilo tu.

Jumanne, 6 Oktoba
Salim hakumbuki. Mifuko mingine kaigawa Yiti, mingine Qantab, huko vijiji vya pwani. Nimemtajia mistari kwenye simu, kasema kafahamu. Jioni kaniletea kitambaa cha meza cha mkahawani, chekundu na cheupe.
"Mkaza mjomba, si mirabaraba hii?"
Kina doa la mchuzi.

Alkhamisi, 8 Oktoba
Habari zimeenea mtaani kwetu, Bawshar nzima. Jirani wa kulia kaleta blanketi lake la kukalia ufukweni. Wa kushoto kaleta sketi ya shule ya binti yake, na marinda yake. Zuwena kaleta wizari mpya, ile nguo ya kiunoni ya wanaume, bado imo kwenye mfuko wa duka.
"Chagua, wifi. Mistari ni mistari."
"Mistari si mistari!"
Sijawahi kumpandishia sauti tangu niolewe. Sambusa ikabaki mkononi mwa mtu. Nassor angecheka mpaka akohoe. Nikacheka mimi. Kisha nikaona haya. Mjane nacheka, na sebule imejaa nguo kama duka.

Jumamosi, 10 Oktoba
Salim kapiga simu kutoka Qantab, nyumbani kwa mvuvi. Kuna kitu kimefunika mashine ya boti.
"Kijani ipo?"
"Ipo."
"Mwekundu mwembamba?"
"Upo."
"Ubavuni mwake?"
"Ubavuni kuna... magamba."
"Magamba gani?"
"Ya samaki, mkaza mjomba."
"Pangusa!"
Nasikia mke wa mvuvi anacheka.
"Mweupe! Mweupe kama uzi!"
Nimekaa chini sakafuni na simu mkononi. Nimemwambia amwahidi mvuvi blanketi langu nene la wageni na ile wizari. Mvuvi karidhika. Mkewe kauliza kama ninayo mablanketi mengine.

Jumatatu, 12 Oktoba
Halijafika. Zuwena kalizuia kwake. Linanuka samaki, kasema, haliingii hivyo kwenye nyumba ya msiba. Kalifua. Mashineni, kwa maji ya moto. Kisha kwenye kikaushio.
Shali la sufu!
Salim kanieleza kwa sauti ya chini. "Mama kajifungia chumbani. Hataki kuja."
Nimekaa na hasira yangu mpaka adhana ya magharibi. Kisha nikampigia simu Salim. "Mwambie mama yako aje."

Jumanne, 13 Oktoba
Kaja. Kalificha chini ya abaya. Macho yamemvimba.
Limesinyaa. Limekuwa dogo kama msala wa kusalia, nene kama zulia. Nikalitandika kitandani, nikalisoma kwa kidole. Kijani imekuwa nyembamba, buluu imebanana na nyeusi. Mwekundu. Mweupe.
"Wote wapo?" kauliza.
"Wote."
Nikamfundisha. Mara ya kwanza kausahau mweupe. Mara ya pili kautaja kabla sijamkumbusha. Tumekunywa kahawa.
Alipoondoka nimejilaza nalo. Nassor alikuwa akipenda eyasii, kiyoyozi chetu, iwe baridi kabisa, na tukilala mchana tukivutana shali, huyu huku, yule kule. Leo hakuna wa kunivuta. Linamtosha mtu mmoja. Miguu imebaki nje, nikavaa soksi.