Sanduku Lililokukosesha Suarni

Karangasem, 14 Juni

Kaka Gede,

Huku hatujambo. Mpunga umechanua, nguruwe amezaa saba. Daftari langu linaonyesha umetimiza miaka minne huko Lampung.

Jana tulifungua sanduku la mababu, lile lililokukosesha mchumba wako Suarni kwa kuwa watu waliliita la uchawi. Mama alijifungia jikoni. Baba yake Suarni alikuja kushuhudia.

"Msomaji wenu atageuka chura sasa hivi!" akacheka.

Msomaji, Mzee Darsana, tuliyemwita kwa kuwa anajua maandishi ya kale, alitoa majani makavu ya mvumo, mti wa jamii ya mnazi, yasiyoonyesha herufi hata moja. Nilikata tamaa. Akayapaka masizi yenye mafuta, akafuta kwa kitambaa, masizi yakabaki kwenye mikwaruzo ya herufi, na maandishi yakajitokeza mbele ya macho yetu.

"Hizi ni dawa," alisema. "Maneno yana miaka mia sita. Jani likichakaa, ukoo wenu ulikuwa ukinakili upya."

Dawa za kikohozi, za homa, za mwanamke aliyejifungua. Chini ya moja, mtu alikuwa ameongeza: "Nilimpa mwanangu siku tatu, akafa. Usiirudie. Tafuta nyingine."

Kaka, mtu huyo alitoka kumzika mwanawe, akaketi kuchonga hayo ili sisi tuliokuwa hatujazaliwa tusikosee.

Mama alifungua mlango. Baba yake Suarni aliomba mstari ule usomwe tena. Naye aliwahi kuzika mtoto aliyekufa kwa homa. Kisha akaniuliza polepole, bila kunitazama, "Luh, Gede ameshaoa?"

Nimjibu nini?

Mdogo wako,
Luh Sekarini