Mama, Nyasi Nimezikagua

Mama,

Chelel amezaa. Naanza na hilo maana ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya habari za mwanao. Ndama ni jike, mweupe kama mamake, na kelele zake hazina mfano.

Tangu tukuzike, mvua ilitutoroka. Nyasi ya nepia tuliyopanda iliisha, na ng'ombe uliyeniachia alikuwa na mimba kubwa. Mwanao Kiprono akashuka kinamasini, kule chini ya majani chai, akarudi na mzigo wa nyasi mbichi. Nilipoufungua nikaona maua ya njano yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na majani yanayofanana na dania. Nikasimama mlangoni pa banda, mzigo usipite. Baba, mzee wako, akafoka: "Ng'ombe inakufa njaa na wewe mtu wa ziwa unachagua nyasi?"

Unakumbuka mwaka nilioolewa hapa? Niliyachuma majani hayo hayo nikidhani ni mboga, kwa sababu sisi wa ziwani hatupiti jani tukaliacha. Ukamwaga sufuria nzima nje. "Hii si mboga, hii ni sumu," ukasema, ukanisugua jani moja mkononi. Kufika jioni nilikuwa na malengelenge. Nilinuna siku mbili, Mama. Nilidhani umedharau chakula cha kwetu.

Basi nikafanya kama wewe. Nikajisugua jani mkononi mbele yao, nikakalia ule mzigo. Chai ya saa kumi ilikuta ngozi imevimba. Baba akautazama mkono, akachuchumaa, tukachambua nyasi pamoja, shina kwa shina, na Chelel akitulilia ndani. Siku hizi mzigo ukifika tu, Baba huita: "Mama Chebet, kuja ukague kwanza!" Nikisikia hivyo nafurahi mpaka naona aibu.

Sikuwahi kukushukuru kwa yale malengelenge. Asante, Mama. Nilichelewa kuelewa.

Chebet akifikia umri wa kukata nyasi nitamshusha kinamasini nimwonyeshe ua hilo, nakuahidi. Ila mkono nitakaousugua ni wangu. Mjukuu wako amerithi hasira zako, huyo atanuna mwezi mzima.

Saisere, Mama, kwaheri kwa lugha yako. Lala salama. Chelel ameshiba.

Mkwe wako,
Akinyi