Krenki ya Pini

Bishar na Ugbad, chai iko kwa chupa, anjera chini ya sahani. Wageni wa Elwak wakifika wakaribisheni, msiwaache waongee na mlango.

Mimi nimemfuata binamu yenu Ifrah. Asubuhi fundi Dekow alinishika sokoni: “Eddo, ile krenki ya pini uliyomchagulia, mkono wa pedeli unaoshikwa na pini tu, ni ya baiskeli ya kubeba maji.” Nikacheka. Yeye hakucheka. Baiskeli ya Ifrah haina breki, anaisimamisha kwa kuzuia pedeli na miguu, na kila akizuia, pini inalegea; ikichomoka, hana cha kuisimamisha. Ni mimi niliyemwambia achukue ya bei nafuu. Nimerudi mbio, baiskeli haipo, simu yake iko kitandani. Ameenda kuijaribu kwenye mteremko wa mtoni.

~~Msimwambie mama yake.~~ Mwiteni mama yake.

Eddo, shangazi yenu