Kahawa Iliyomwagwa Kabla ya Baraka

Dessie,
9 Hidar.

Mpendwa Mjomba Getaneh,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje na joto la Adama? Huku baridi imeingia mapema. Bibi anakohoa, ila chakula anakula. Mimi mzima, shule inaendelea.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Mama hukaa karibu, nami hushindwa kusema. Jumamosi anampeleka dada Yeshi kwenye maji ya baraka, kule mlimani ambako wagonjwa huachishwa dawa. Wa kumzuia ni wewe tu, kaka yake.

Yote yameanzia kwenye kahawa ya Jumapili. Majirani walijaa, nyasi zimetandazwa, ubani unafuka. Yeshi alikaanga buni, akatwanga, akamimina duru ya kwanza vizuri kabisa. Hapo jirani yetu mzee, Etete Abebech, akamuuliza habari za kliniki, Mama akamwagiza bisi, mtoto mmoja akadai sukari, vyote kwa pamoja. Yeshi akasimama na birika mkononi. Kisha akatoka uani, akamwaga kahawa na machicha yake, akaanza kuosha vikombe.

Duru moja tu, Mjomba. Ya pili hawakuionja, wala ya tatu yenye baraka.

“Haya, tumeshafukuzwa,” akasema Etete Abebech. “Baraka tutaiomba kwa padri.”

“Mwacheni, bibi harusi ana haraka zake,” jirani mwingine akadakia kwa kejeli. Wakacheka. Mama hakucheka. Walipoondoka akamwambia Yeshi anamwaibisha makusudi, halafu akasema dawa imeshindwa, pepo ni yuleyule.

Dawa haijashindwa. Tangu mvua zikatike Yeshi hasikii sauti, na analala. Muuguzi alinieleza kwa Kiingereza, nami nikamtafsiria Mama: skizofrenia yenyewe humfanya mtu ashindwe kushika mambo kadhaa akilini kwa wakati mmoja, hata sauti zikinyamaza, na vidonge vya sauti haviponyi hilo. Apewe jambo moja, alimalize, ndipo apewe lingine. Mama akasema shule imenifundisha kutetea uvivu.

Mwaka juzi alipoachishwa dawa tulimkuta njia ya Kombolcha, peku, miguu inavuja damu. Mama anakumbuka. Anasema safari ile imani yetu ilikuwa ndogo.

Nina jambo sijamwambia mtu. Nikiingia jikoni nikasahau nilichofuata, naogopa zamu yangu imefika. Yeshi alianza kuumwa akiwa na umri wangu. Kuna siku namkwepa, Mjomba, nisijione.

Nakuomba umpigie Mama kabla ya Jumamosi. Usimgombeze, atazidi kukaza. Mwambie tu Yeshi aende akaoge maji hayo, lakini dawa zake ziende naye. Sasa hivi mfuko umeshafungwa, na dawa hazimo.

Yeshi yupo hapa kando yangu. Nimemuuliza nikuandikie nini. Akasema, “Mwambie Mjomba sikufanya makusudi. Mwambie sauti zimenyamaza, na kule mlimani…” Akakwama. Nikangoja. Akaniuliza, “Nilikuwa nasema nini?” Nikamsomea. Akayaangalia maneno yake muda mrefu.

“Basi ishia hapo,” akasema. “Mengine yamenitoka.”

Wasalimie Shangazi Almaz na mdogo wetu Natnael. Bibi anakuombea safari zako zote ziwe za kurudi salama. Barua hii anakuletea dereva Belay. Ukishaisoma, tafadhali piga.

Wako akupendaye na kukutegemea,
Wubit