Fundi Alinionya, Nikamsingizia

Mshauri wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Sumbawanga. Naomba msaada wako, na kama unaweza nisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu haya ninayokuandikia sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Mimi ni mtumishi wa serikali upande wa elimu ya watu wazima, kwetu ni Tukuyu lakini huu ni mwaka wangu wa saba huku, tunaishi mtaa wa Izia mimi na mke wangu Tusajigwe na watoto. Miaka minne iliyopita mzungu mmoja mpima barabara alimaliza mkataba akaniachia gari lake, gari la michezo la milango miwili, jekundu, limelala chini hata ukikaa ndani macho yako yanalingana na magoti ya watu, watu wa Izia wakaliita Kiatu. Najua gari la namna ile si la barabara zetu, lakini nililipenda, nikalifanya gari la kila siku, ofisini nalo, sokoni nalo, kanisani nalo, hata kukagua madarasa ya kisomo vijijini, na kwa matumizi hayo halikukawia kuchoka, shokomzoba zilivuja mafuta mpaka zikakauka, bushi zikalika, kila kishimo linagonga ngo, ngo, ngo, na ukipita kwenye vumbi jingi mkia wa gari unakwenda kwake na wewe unakwenda kwako.

Fundi wangu alikuwa Wilibrodi, Mfipa wa hapahapa, mwanachama wa karakana ya ushirika ya mafundi. Nasema fundi lakini alikuwa zaidi ya hapo, maana sisi huku hatuna ndugu, na Tusajigwe alipojifungua mtoto wa pili ni Dominika, mke wa Wilibrodi, aliyekuja kutupikia uji wa ulezi majuma mawili mazima, na mpaka leo mimi ananiita shemeji.

Spea zilikuwa hazipatikani, unajua mwenyewe hali ilivyo, basi nikamwandikia binamu yangu aliyeko migodini Zambia, na mwezi wa nane mwaka jana akaniletea shokomzoba nne mpya na springi nne, si za kawaida, ni zile ngumu na fupi za kufanya gari lishike kona, nikazibeba mpaka karakana nikiwa na furaha ya mtu aliyepata mtoto wa kiume. Wilibrodi alizigeuzageuza, akazisifu, halafu akanyanyua gari kwa jeki, akashika gurudumu la mbele kushoto kwa juu na kwa chini akalitikisa, nalo likacheza.

"Umeona?" akasema. "Hii boljointi imekwisha, ndugu yangu. Hiki ndicho kifundo kinachoshika gurudumu. Springi yako ya zamani ilikuwa laini, ilikuwa inameza kishindo. Ukifunga hizi ngumu, kishindo chote kinakuja hapa."

"Boljointi mpya utapata lini?"

"Nimeshamwagiza dereva wa lori anayekwenda Mbeya. Wiki mbili, labda tatu. Tungoje, tufunge vyote kwa pamoja."

Mshauri, wiki mbili ni nini? Lakini nilikuwa nimekwisha kuwasimulia watu ofisini, na nikamwambia maneno ambayo leo yananichoma, nikamwambia kama kazi imemshinda aseme, mafundi wako wengi. Akachukua spana. Ilibidi afungue kile kifundo ili springi mpya ipite, na nilimwona kwa macho yangu akikirudisha, akakaza nati, akapitisha pini mpya ya kuizuia isilegee, akazikunja ncha zake. Alipomaliza akaniambia, "Zunguka nalo mjini tu, polepole. Mlimani usishuke mpaka niibadili. Umenisikia?" Nikamjibu, "Nimekusikia."

Siku ya nne yake, Jumamosi asubuhi, Wilibrodi akiwa Kirando kutengeneza injini ya boti, Dominika alikuja mbio nyumbani kwetu akasema, "Shemeji, mama amezidiwa kule Milepa, na gari la abiria halipo mpaka Jumatatu." Ningeweza kwenda misheni kuomba pikapu yao, ilikuwepo, niliiona imesimama. Sikwenda. Nilimwambia apande, na ukweli wenyewe, mshauri, ni kwamba nusu ya moyo wangu ilimhurumia na nusu ya pili ilitaka kuonja zile springi kwenye kona za kuteremkia bondeni. Na zilishika! Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, gari halikulala hata kidogo, nikaongeza mwendo, Dominika akasema taratibu shemeji, nikacheka. Kwenye kona ya tano au ya sita nikasikia mlio mmoja kama ukuni unaovunjwa kwa goti, usukani ukawa mwepesi mkononi mwangu, gurudumu la kushoto likajikunja chini ya gari, tukaingia kwenye mawe kwa upande wa Dominika.

Mimi nilitoka na mkwaruzo wa paji la uso. Dominika mguu ulivunjika sehemu tatu.

Kabla watu hawajafika niliinama nikatazama. Nati ilikuwa palepale, imekaza, na pini yake imepita. Kilichochomoka ni kile kifundo kilichochakaa, kama alivyosema.

Jioni Wilibrodi akafika hospitali ana vumbi mpaka kwenye kope, akasimama kati ya kitanda cha mkewe na kiti changu, akaniuliza kimetokea nini, na mimi nikaogopa, Dominika ananitazama, na muuguzi ananitazama, nikasikia mdomo wangu unasema, "Nati, Wilibrodi. Nati ilifunguka." Akaangalia viganja vyake.

Nilidhani yataishia pale. Lakini karakana ikaitisha kikao cha wanachama, mwenyekiti wao Mzee Leonardi akaniita, na Wilibrodi akajitetea kwamba alinionya, na Mzee Leonardi akaniuliza, "Mwalimu, alikuonya?" Nikasema hapana. Waliomba waje kulitazama gari nikawaambia nimeshavuruga ile sehemu wakati wa kulivuta, haitaonyesha kitu, wakaniamini kwa kuwa mimi ni mtu wa ofisi. Wakamwondoa.

Sasa Wilibrodi amerudi kwenye shamba la wazee wake, analima mahindi na ulezi peke yake kwa sababu Dominika anatembea kwa fimbo na hawezi kuinamia jembe. Mama yake Dominika alifariki yeye akiwa kitandani, akazikwa bila yeye kuona. Na Dominika amekwisha kumwambia mke wangu kwamba mumewe yeye ameshamsamehe, lakini akimwona ameshika spana hata ya baiskeli mwili unamsisimka. Mke wangu alinisimulia hayo tukiwa mezani, nikasukuma sahani.

Lililonifanya niandike ni hili. Juma lililopita Wilibrodi alikuja ofisini kwangu, amevua kofia, akasubiri wenzangu watoke, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, sikuja kwa ugomvi. Mwaka mzima nawaza. Wewe ulikuwepo nikifunga. Ile nati niliikaza, au sikuikaza?" Nikamwambia sikumbuki. Akanishukuru, akaenda zake.

Gari liko nyuma ya nyumba yangu, limefunikwa turubai, sijaligusa. Nimewaza kuomba uhamisho nirudi Mbeya. Nimewaza kumwandikia Mzee Leonardi barua isiyo na jina. Nimewaza kumtafutia Wilibrodi kazi mahali pengine bila yeye kujua ni mimi. Niambie nifanye lipi kati ya haya, maana nimechoka na nafsi yangu.

Ni mimi,
Fanueli (jina la ukoo naomba usilitoe),
Izia, Sumbawanga.


Ndugu Fanueli,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na mara mbili. Nimekuhurumia, kwa sababu hofu ya pale hospitali naielewa. Mtu akishtuka anaweza kusema uongo kabla hajajua anasema nini. Huo wa kwanza ningeweza kukuombea radhi. Lakini kwenye kikao hukushtuka, ndugu yangu. Kwenye kikao ulivaa shati safi ukaenda kwa miguu yako.

Mimi mambo ya magari siyajui. Nimeona tu kwamba kuhusu springi umeniandikia kwa mapenzi, na kuhusu mguu wa Dominika umeniandikia mstari mmoja. Mama yake aliyezikwa bila kumwona naye umempa mstari mmoja. Rudia kusoma barua yako utaona.

Unaniuliza ni lipi kati ya matatu. Hakuna hata moja. Uhamisho ni kukimbia. Barua isiyo na jina ni kumwachia Mzee Leonardi mzigo wako. Kumtafutia Wilibrodi kazi kwa siri ni kumnunua. Yote matatu yana kitu kimoja: wewe unabaki mtu mwema machoni pa watu.

Tena umezidi kukosea juma lililopita. Ulipomsingizia mara ya kwanza ulimwondolea kazi. Uliposema "sikumbuki", umemwondolea mikono yake. Yule ni mtu aliyekuwa na uhakika na kazi yake, na sasa anakuja kukuomba wewe, wewe, umwambie kama ni fundi au si fundi. Na alikushukuru! Sijui ulilala vipi siku hiyo, na sitaki kujua.

Sikiliza sasa. Gazeti hili likikufikia, anza na mke wako. Mwambie yote, usipunguze, kwa sababu Tusajigwe anakwenda kwa Dominika kwa moyo mweupe na hana habari anabeba aibu ya nani.

Kisha nendeni wote wawili shambani kwa Wilibrodi, mchana, mumkute na mkewe. Usimwite pembeni. Ulimsema mbele ya Dominika, mtakase mbele ya Dominika. Mwambie nati aliikaza, na pini aliipitisha, na alikuonya, na ulimwambia umemsikia. Na Dominika mwambie kwamba pikapu ya misheni ilikuwepo. Hilo litakuwa gumu kuliko yote, najua, lakini ni lake, ana haki ya kulijua. Wakikufukuza, ondoka. Usilie mbele yao ili wakubembeleze.

Ya tatu, nenda kwa Mzee Leonardi umwombe aitishe kikao kama kile cha mwaka jana, watu walewale. Hilo turubai usilifunue wewe. Walifunue wao, watazame wenyewe, Wilibrodi akiwa amesimama pale. Halafu useme kwa kinywa chako. Kama mwajiri wako atasikia na kuuliza, mjibu. Kama polisi watataka maelezo, yatoe. Unaweza kupoteza cheo. Mwenzako alikwisha kupoteza chake kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Wala usiwadai msamaha. Wanaweza kukupa mwakani, wanaweza wasikupe kabisa, na kama hawakukupa hawajakukosea. Huku kwenu mvua za kwanza haziko mbali, na pale kwao kuna mtu mmoja tu wa kulima. Chukua jembe uende. Ukifika usisubiri kukaribishwa wala kusemeshwa. Uliza mstari unaanzia wapi, uanze.

Rozina