Mkono wa Mama Trevor

Mnyambe, 3 Juni 2024

Kwako mke wangu mdogo Claudia,

Hujambo huko Masasi? Unakula, au bado umekonda kama fito? Mimi mume wako ni mzima, jino moja tu limeniaga. Bibi yako Scholastika naye mzima, anakoroma kama mashine ya kusaga. Barua nampa Ashraf wa bodaboda, maana simu anashika bibi yako, na siri nikiitia humo inatangazwa kanisani.

Nina hasira. Ule ukurasa ulionitengenezea ili watu wakitafuta mganga wa mifupa kwenye Google wanione, mwalimu January kanionyesha. Anayetokea wa kwanza ni Haji wa Chiungutwa! Mimi niko chini kabisa, nimekaliwa. Haji huyu aliyeunga mguu wa kuku, kuku akaishia chunguni! Nikimkuta mnadani nitamvunja fupa la paja, halafu nimuunge mwenyewe aone kazi. Nina miaka arobaini kwenye mifupa, na darasa langu la nne. Niweke juu, la sivyo nakupa talaka.

Babu yako na mume wako,
Basil


Mkomaindo, Masasi, 9 Juni 2024

Shikamoo Babu,

Pole na jino. Mimi sijambo, na talaka naipokea kwa mikono miwili. Mume gani anamumunya nyama?

Haji yuko juu kwa sababu ameandika yale watu wanayouliza. Wewe uliniamuru niandike "Basil ni kiboko" mara thelathini. Google haidanganywi hivyo. Mtu akianguka kwenye mkorosho anaandika, "mkono umevunjika, nani anaunga Newala?" Ukurasa wenye maneno kama hayo, wenye visa vya kweli na mahali panapojulikana, ndio unaopanda. Nitumie visa vitatu: mfupa gani, ulivunjikaje, umepona vipi, na mgonjwa sasa anafanya nini. Ila majina ya watu usitaje, Babu. Nakuomba.

Mjukuu wako,
Claudia


Mnyambe, 16 Juni 2024

Mke wangu mwenye kiburi,

Salamu zimekufikia? Sisi wazima, magoti tu yanalalamika.

Visa hivi hapa. Wa kwanza alianguka kwenye mkorosho, mtulinga, huu mfupa wa begani. Wa pili mzee wa kanisa, kateleza akikimbia nyuki wakati wa ibada, kifundo. Wa tatu ndiye fahari yangu: Mama Trevor. Mumewe kule Tunduru alimpiga mkono wa kulia kwa mchi wa kinu, mara mbili, mfupa ukasukuma ngozi. Akatoroka na mtoto mgongoni, juu ya lori la mbaazi. Nilimuunga wiki nane. Leo kwa mkono uleule anageuza vitumbua kila asubuhi hapa Mnyambe, pembeni ya mashine ya kusaga. Vitumbua usiviache, watu waje wauone mkono.

Majina sijataja, kama ulivyoniamuru. La kwake hata silijui. Kijiji kizima tunamwita hivyo tu, kwa heshima.

Mumeo mtiifu,
Babu


Mkomaindo, 29 Julai 2024

Shikamoo Babu, shikamoo Bibi,

Natumaini ni wazima. Nisameheni, leo salamu ni fupi.

Tangu wiki iliyopita wewe ndiye wa kwanza. Haji umemkalia. Sasa soma polepole. Alfajiri ya leo nimefungua ujumbe ulioingia kupitia ukurasa, una siku nne: "Mzee, huyo Mama Trevor namtafuta mwaka wa pili. Naandika jina hilo Google kila siku, leo umetokea wewe peke yako. Nakuja. Baba Trevor."

Kosa ni langu. Nilisoma "Mama Trevor" nikaona heshima, sikuona jina. Kisa nimekifuta, lakini ameshakisoma. Simu ya Bibi haipatikani tangu alfajiri. Mfiche sasa hivi. Ashraf nimemwambia asisimame popote.

Mjukuu wako,
Claudia


Mkomaindo, 14 Agosti 2024

Shikamoo Babu,

Hali yako? Wiki mbili hujajibu. Bibi kwenye simu analia tu, anasema nikuulize wewe. Nitukane, lakini niandikie.

Claudia


Mnyambe, 30 Septemba 2024

Mjukuu wangu Claudia,

Hujambo? Sisi wazima, na neno hilo linaniwasha mdomoni.

Ashraf alifika na barua yako saa nne. Yule mume alifika saa tatu. Alikuja kwangu kwanza, kwa kuwa ukurasa unaelekeza kwangu. Shati limepigwa pasi, gunia begani.

"Shikamoo mzee. Ndiye wewe wa kwanza kwenye Google?"

Nikavimba kama andazi. "Marahaba mwanangu, ndiye mimi."

"Nina mgonjwa. Ningependa kwanza niuone mkono wa yule mama wa vitumbua."

Nikamwonyesha njia kwa kidole hiki. Hikihiki kinachoshika kalamu.

Sijakaa vizuri, nikasikia yowe. Gunia lilikuwa na panga. Pigo la kwanza lilishuka palepale nilipounga; wiki nane zangu zikaisha mara moja. La pili lilikata vidole viwili, vikaangukia kwenye bakuli la unga. Mama wa watu akanyanyua karai la mafuta yanayochemka kwa mkono wa kushoto, akammwagia usoni. Ngozi ilishuka, Claudia, niliiona. Yule mume akakimbia haoni, akawaangukia watu wa mashine. Walipomaliza na michi yao, goko la mguu wake lilikuwa vipande vitatu. Trevor alikuwa kwetu, anakunywa uji na bibi yako.

Polisi wakasema gari linachelewa. "Mzee Basil, mfunge mguu, asitufie njiani." Nikamfunga. Taratibu, kwa mianzi mipya. Akalia, "Mzee, unaniumiza!" Nikamwambia, "Vumilia, uko kwa wa kwanza." Nikaufupisha mguu kwa upana wa vidole viwili. Viwili, sikuzidisha. Nasikia huko mahabusu madaktari walitaka kuuvunja upya waunyooshe, akakataa kwa woga.

Ukurasa ufute wote. Haji akae juu, simtukani tena.

Mama Trevor katoka hospitali. Mkono upo, haushiki kitu. Kaondoka na mtoto, na haitwi tena vile. Niliwapeleka mimi. Najua kijiji, najua hata mlango una rangi gani. Unanijua nisivyoweza kufunga mdomo.

Hapa naweka kalamu chini.

Babu yako