Ukuta wa Kijani Lazima Utoke

Joram,

Uji wa mkeo Perez uko kwa sufuria, aumalize wote. Kisha mpeleke kliniki leo hii, umwambie sista kwamba amekula rangi.

Ndiyo, rangi. Asubuhi nilimpelekea chai nikamkuta anakwangua ukuta kando ya kitanda, mdomo wa kijani kama mbuzi aliyeingia shamba la watu. Nikamuuliza, "Mama, kwani odowa ya kula imeisha sokoni?" Akalia. Mimba inadai huo udongo wa odowa, naye anaona haya kukutuma, wewe karani. Sasa anatafuta udongo wetu ulio chini ya rangi yako.

Usimgombeze! Nikiwa na mimba yako nililamba nusu ya nyumba ya baba yako, lakini huo ulikuwa udongo mtupu. Hizi rangi za mafuta zina madini ya risasi ndani, ni sumu, sista mwenyewe alituonya.

Godoro nimelihamishia sebuleni, libaki huko. Ukuta usiuguse, vumbi lake ni baya. Nimeenda Sondu kuleta udongo mzuri. Tutaulowesha ukuta, tuukwangue, tuukandike upya. ~~Nitarudi Jumamosi.~~ Nitarudi kesho, siwaamini. Ukinunua mkebe mwingine ~~nitakuchapa~~ nitamwambia mchungaji.

Najua unataka nyumba ya kizungu. Wenzako wa ofisi wakiuliza rangi imeenda wapi, waambie mama yako ni mshamba, ameibandua. Wataamini upesi, na Perez hatatajwa.

Mama yako, dani, yaani nyanya, wa huyo aliye tumboni